Maswali ya Wasomaji: Kitabu cha Rangi cha Simu Janja

Mwezi huu barua nyingi zimetoka Dodoma na Singida, kwa watu wanaoandika vitabu vya rangi vya kufundishia simu janja: walimu wa vikundi, wenye steshenari, muuza vitabu, hata mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu. Tumezifupisha na kuacha majina. Majibu yametoka kwenye meza yetu ya vitabu, yaani mwandishi, msanifu wa kurasa na mchapaji, na pale walipotofautiana tumesema.

Ndugu wahariri, salaam. Nafundisha akina mama wa VICOBA kutumia simu janja na nimeanza kuwaandikia kitabu. Kila nikimaliza sura, kitu fulani kwenye simu kimebadilika. Niandikie simu ipi ili kitabu kisizeeke kabla hakijatoka kiwandani? — Mwalimu, Kibaigwa

Mwalimu, andikia kazi, usiandikie simu. Sura yenye kichwa "Kutuma pesa bila kukosea namba" itaishi miaka mingi kuliko sura inayoeleza aina fulani ya simu kitufe kwa kitufe. Mama wa VICOBA anachotaka ni pesa ifike, simu iwe ya kampuni yoyote.

Hata hivyo picha lazima zitoke kwenye simu fulani, na waandishi wengi hupiga kwenye simu yao wenyewe, ambayo kwa kawaida ni bora kuliko ya msomaji. Fanya sensa kidogo kabla ya kuandika. Omba kila mwanakikundi afungue Mipangilio, ashuke hadi Kuhusu simu, kisha andika aina ya simu na toleo la Android. Kwa pande zetu utakuta zaidi Tecno, Infinix, itel, Samsung na Redmi. Tecno, Infinix na itel zote ni za kampuni moja, Transsion, lakini usidanganyike ukadhani skrini zao zinafanana: Tecno ina HiOS, Infinix ina XOS, na mipangilio yake haikai mahali pamoja. Chukua aina mbili zenye wenyewe wengi. Ya kwanza itoe picha zote. Ya pili ipewe kisanduku kidogo chini ya ukurasa pale tu inapotofautiana.

Usikimbizane na toleo jipya. Android 14 ilitoka Oktoba 2023, 15 mwaka 2024, 16 Juni 2025, lakini simu nyingi za bei nafuu hubaki na toleo zilizonunuliwa nalo. Linalosumbua kweli ni namna ya kurudi nyuma na kwenda mwanzo: tangu Android 10 ya mwaka 2019 simu inaweza kuwa na vitufe vitatu chini au kuendeshwa kwa kutelezesha kidole. Eleza njia zote mbili mara moja, mwanzoni, kwa picha mbili. Baada ya hapo andika "rudi nyuma" tu.

Kisha gawa yaliyomo makundi matatu kwa kasi ya kubadilika. Kuna yasiyobadilika, kama kupata IMEI (namba ya utambulisho wa simu), kufunga skrini, kwa nini simu hujaa, kwa nini betri huisha. Kuna yanayobadilika kwa miaka, kama mahali pa mipangilio. Vichupo vya WhatsApp kwenye Android vilikuwa juu ya skrini, mwaka 2024 vikahamia chini, na vitabu vyote vyenye mshale wa kuelekeza juu vikawa na kosa. Na kuna yanayobadilika kwa miezi: ada, bei za vifurushi, mpangilio wa menyu. Tigo ilipogeuka Yas Novemba 2024, jina la Tigo Pesa, nembo na rangi vyote viliondoka, ikaja Mixx by Yas, ila *150*01# ikabaki ileile. Kwa hiyo namba ya menyu ichape kwa herufi kubwa, nembo iache. Ada usizichape kabisa. Eleza mahali msomaji anapoziona mwenyewe.

Sasa unganisha mpango huo na mashine, maana hapa ndipo pesa inapookolewa. Kitabu cha A5 kwa kawaida huchapwa kwenye karatasi kubwa inayobeba kurasa 16, nane mbele na nane nyuma; ikikunjwa inakuwa fungu moja. Cha kubandikwa gundi hupanga mafungu hayo mfululizo: 1–16, 17–32, 33–48, 49–64. Yanayobadilika upesi yapeleke 49–64. Cha pini hupachika fungu ndani ya fungu: la nje lina kurasa 1–8 na 57–64, la katikati kabisa lina 25–40. Hapo yanayobadilika yaende katikati. Mafungu matatu mengine yachapwe nakala za ziada, yahifadhiwe bila kufungwa, pakavu, yamelazwa na kuwekewa uzito. Menyu ikibadilika mwakani utachapa fungu moja tu. Sharti ni moja: sura iliyorekebishwa isizidi kurasa 16 wala isipungue.

Picha za skrini zinaonekana safi kwenye simu, zikichapwa zina ukungu na maandishi hayasomeki. Simu yangu ni ya bei nafuu. Ninunue kubwa? — Makole, Dodoma Mjini

Pesa yako iache mfukoni. Skrini ya simu nafuu mara nyingi ina pikseli 720 kwa upana. Picha hiyo ikichapwa kwa upana wa milimita 50 inatoa pikseli 366 kwa inchi, na mchapaji anahitaji 300. Inatosha na chenji inabaki. Shida huwa katika safari ya picha kutoka kwenye simu hadi kwenye ukurasa.

Skrini ikipigwa kwa kubonyeza kitufe cha kuwasha pamoja na cha kupunguza sauti, simu nyingi huihifadhi kama PNG, ambayo haipotezi kitu. Ukiituma kwa WhatsApp kama picha, inageuzwa JPEG na kubanwa, na JPEG hutia vumbi pembeni mwa herufi. Huko ndiko ukungu unakotoka. Tumia waya wa USB, au itume kama hati badala ya picha. Word nayo hubana picha kimyakimya unapohifadhi, kwa kawaida hadi pikseli 220 kwa inchi. Ingia kwenye chaguo za hali ya juu uweke alama ya kutobana picha. Kama picha ni ndogo na lazima ikuzwe, ikuze mara mbili au tatu kamili bila kulainisha kingo. Kukuza kwa asilimia 130 ndiko kunakoharibu.

Kutosomeka ni jambo jingine, na hata simu ghali haiwezi kulitibu. Maandishi ya kawaida ya Android ni kama pointi 6 ukiyapima kwenye kioo. Simu yenye upana wa milimita 68 ikipunguzwa hadi 50, yanashuka hadi pointi 4 na nusu. Ukipanga picha tatu kwa safu, kila moja milimita 35, unabaki na pointi 3, na hizo hazisomwi na mtu mzima yeyote bila miwani. Kwa ukurasa wa A5 wenye eneo la maandishi la milimita 115, weka picha mbili za 50, si zaidi; kila moja itakuwa na urefu wa milimita 111 hivi. Bora zaidi, kata picha. Acha kichwa cha juu ili msomaji ajue yuko wapi, na eneo linalobonyezwa. Vingine vyote ondoa. Kipande cha nusu skrini kilichochapwa karibu na ukubwa wake halisi kinafundisha kuliko skrini nzima iliyosinyaa.

Kabla ya kupiga, safisha upau wa juu. Washa Usisumbue, chaji betri ipite nusu, funga arifa zote. Ukigonga namba ya muundo mara saba ndani ya Kuhusu simu, chaguo za wasanidi hufunguka, na simu nyingine huwa humo na hali ya maonyesho inayoweka saa na mtandao mahali pamoja. Si zote. Inafaa kuitafuta, kwani picha ya hatua ya tatu ikionyesha 10:14 na ya nne 16:40, msomaji makini atajua umeruka kitu. (Na saa zenyewe: andika "saa nne asubuhi, simu itaonyesha 10:00", vinginevyo darasa zima litaishia kubishana kuhusu kengele.)

Programu nyingi za benki huzuia picha ya skrini. Utapata weusi mtupu. Usipige kwa kamera ya simu nyingine, utapata mistari ya mawimbi na uso wako kwenye kioo. Chora umbo la skrini kwa Inkscape, programu ya bure ya kuchora, na uandike chini yake kwamba ni mchoro.

Halafu kuna faragha. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, hivyo kuificha nusu ya mwisho tu hakusaidii. Usitumie ukungu kuficha PIN au namba ya simu, wala usiweke kisanduku cheusi juu ya picha ndani ya faili la kurasa: PDF ikifunguliwa kisanduku kinaweza kuondolewa na namba ikabaki. Futa ndani ya PNG yenyewe, uhifadhi, ndipo uilete ukurasani. Mazungumzo na majina ya watu halisi yasionekane bila ridhaa yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, nayo haimsamehe mwandishi kwa kuwa alikuwa anafundisha.

Tuna kurasa 64 za A5. Mchapaji anasema rangi kila ukurasa itatumaliza. Tuchanganye, na kama ndiyo, vipi? — Kikundi cha vijana, Chamwino

Changanyeni, ila kwa kufuata mafungu, msifuate hamu. Mashine ya ofseti hutumia pleti (bamba la kuchapia) moja kwa kila rangi kwa kila upande wa karatasi. Kurasa 64 ni karatasi nne, pande nane. Rangi tupu kila mahali ni pleti 32, na jalada la rangi upande wa nje linaongeza 4. Mkiweka rangi kwenye mafungu mawili na mengine mawili yakawa meusi, mnapata 16 na 4, jumla 20. Mkitawanya picha moja ya rangi kila upande wa karatasi "ili kitabu kipendeze", mmelipa zote 32 kwa picha nane. Hili huwashangaza watu kila mara.

Kwa hiyo jiulizeni rangi inafanya kazi gani. Kufundisha kutofautisha alama za programu kunahitaji rangi. Kuonyesha tofauti ya ujumbe uliosomwa na ambao haujasomwa kunahitaji rangi. Orodha ya Mipangilio, skrini ya kupigia simu na menyu za *150*00# hazihitaji. Menyu hizo ni maandishi matupu hata kwenye simu yenyewe. Maneno ya utangulizi, faharasa na kurasa za mazoezi ziwe nyeusi kwenye bondi, karatasi ya kawaida isiyong'aa, ya gramu 80 au 100, tena mwanafunzi anaweza kuziandikia kwa kalamu. Karatasi ya arti yenye kung'aa haishiki wino wa kalamu, na chini ya taa ya darasa au jua la uani inamulika macho. Chagueni arti isiyong'aa, gramu 115 au 130 kwa kurasa za rangi, 250 au 300 kwa jalada.

Kuhusu idadi: dijitali haina pleti, kila nakala ina bei ileile, ofseti ina gharama kubwa ya kuanzia na nakala rahisi. Tuseme, kwa tarakimu za kubuni, dijitali ni shilingi 9,000 kwa nakala, na ofseti ni milioni 2 za kuanzia na 3,000 kwa nakala. Gawanyeni milioni 2 kwa tofauti ya 6,000: nakala 333. Chini ya hapo dijitali, juu ya hapo ofseti. Ombeni bei halisi kwa mtindo huohuo, gharama ya kuanzia peke yake na gharama ya nakala peke yake. Mchapaji asiyetaka kuzitenganisha, tafuteni mwingine. Na mkipeleka kazi Dar es Salaam, usafiri wa maboksi uingie kwenye hesabu tangu mwanzo, si baada ya vitabu kuwa tayari.

Kijani cha WhatsApp kimetoka kama majani ya kiangazi, na bluu imepauka. Mchapaji anasema kosa ni langu. — Kondoa

Ana haki kwa sehemu. Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga wa nyekundu, kijani na bluu. Mashine hutumia wino wa samawati, majenta, njano na mweusi, na wino hauwezi kufikia kijani na bluu kali za skrini. Nyekundu ya M-Pesa au Airtel haipotezi sana. Word hutoa rangi za skrini tu, kazi ya kugeuza ikaangukia mashine yenyewe. Panga kurasa kwa Scribus, programu ya bure inayojua rangi za wino, utoe PDF ya uchapaji, na umwombe mchapaji akupe wasifu wa rangi wa karatasi yake, yaani faili linaloeleza rangi zitakavyotoka juu yake. Lipia ukurasa mmoja wa majaribio kwenye karatasi ileile. Kuongeza ukali wa rangi kwenye picha ili "ikichapwa irudi" hakufanyi kazi. Kunaziba tofauti ndogo za rangi na kubaki na bapa moja.

Mambo mawili zaidi ambayo mchapaji huenda hakuyasema. Maandishi madogo meusi yawe ya wino mweusi pekee. Yakichanganya wino nne, karatasi ikihama hata sehemu ya milimita herufi hupata kivuli cha pinki. Na piga picha zote simu ikiwa kwenye mandhari meupe. Mandhari meusi hupakia wino mwingi, haukauki upesi, na ukurasa unaotazamana nao unachafuka.

Pia usiandike "bonyeza kitufe cha kijani". Tangu Android 12 rangi za vitufe zinaweza kufuata picha aliyoweka mwenye simu, na wako wasomaji wasiotofautisha kijani na nyekundu. Andika "kitufe cha Tuma, chini kulia".

Kurasa za kitabu chetu zinachomoka ndani ya mwezi. Tulitumia gundi. — Manyoni

Kurasa 64 za arti zina unene wa milimita 3 na kidogo mgongoni. Gundi haina pa kushika, na arti yenye kung'aa huikataa zaidi kuliko bondi. Ongeza joto: gundi ya kawaida ya kuyeyushwa hulainika kitabu kikiachwa kwenye dashibodi ya gari au kwenye sanduku la pikipiki juani. Kama mchapaji ana gundi ya poliuretani, ilipie. Kama hana, mwambie akwaruze mgongo vizuri kabla ya kubandika.

Lakini msomaji wa kitabu cha simu ana simu mkono mmoja na kidole cha mkono wa pili kiko kazini. Kitabu kinachojifunga chenyewe hakimfai. Mchapaji wetu anapendelea pini mbili mgongoni: bei rahisi, kinalala vizuri, ila kisizidi kurasa 48 za gramu 130 au 64 za gramu 100, na namba za kurasa zikae mbali na ukingo kwa sababu kurasa za katikati husogea nje na kukatwa zaidi. Msanifu anasema waya wa spairo unaojizungusha mgongoni, kwa kuwa kitabu hulala kabisa, na acha milimita 15 upande wa matundu. Hawakukubaliana. Kwa darasa la mezani chukua waya. Kwa kuuza dukani chukua pini, kwani waya hupindana kwenye boksi.

Wanafunzi wangu ni wazee. Wanasoma vizuri lakini wanapotea katikati ya hatua. Naandika vibaya? Na picha ziwe za simu ya Kiswahili au ya Kiingereza? — Mama, Bahi

Pole na kazi, mama. Wakipotea katikati, kwa kawaida hatua moja imebeba mambo mawili. "Fungua Mipangilio kisha uchague Mtandao na uzime data" ni hatua tatu zilizofungwa pamoja. Kila hatua iwe kitendo kimoja, ianze kwa mahali, na ifuatwe na kile kitakachoonekana, ili msomaji ajihakikishie kabla ya kuendelea. Mfano mfupi:

Kupata IMEI ya simu yako. 1: Fungua sehemu ya kupigia simu, yenye tarakimu. 2: Andika *#06#. Usibonyeze kupiga. Utaona namba yenye tarakimu 15. Simu ya laini mbili huonyesha namba mbili. 3: Inakili kwenye ukurasa wa mwisho wa kitabu hiki. Kama haikutokea: angalia kama umeanza na reli badala ya nyota.

Mstari wa mwisho ndio waandishi wengi huuacha, nao ndio unaosomwa zaidi. Kila zoezi liwe na wake. Ukifundisha *106# ya kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, eleza afanye nini akikuta namba asiyoijua, usiishie kwenye "utaona orodha".

Kuhusu maneno ya mkono, chagua machache na usiyabadilishe: gusa, shikilia, telezesha. Yachore kwenye ukurasa wa tano au sita. Kushikilia huwashinda wazee kuliko yote, kwa sababu kidole kikitetemeka simu hudhani wanatelezesha. Andika "weka kidole, hesabu moja, mbili, kisha inua", na uwaonyeshe kwamba muda wa kushikilia unaweza kuongezwa kwenye sehemu ya ufikivu. Herufi za kitabu ziwe pointi 13 au 14, mistari iwe na nafasi.

Lugha ya picha ifuate simu za wanafunzi wako, mama; ile sensa tuliyomwambia mwalimu wa Kibaigwa inafaa hapa pia. Mwandishi wetu hupenda simu ya Kiswahili. Msanifu anaonya kwamba kwenye simu nyingine menyu za kampuni zimebaki Kiingereza nusu, na picha mchanganyiko humchanganya mzee. Kama wengi wana Kiingereza, piga Kiingereza, andika maelezo kwa Kiswahili, na kila kitufe kitajwe kama kilivyo kwenye skrini, kwa herufi nene. Picha za lugha zote mbili kando kwa kando usiweke. Zinakula nafasi na mzee huangalia isiyo yake.

Mwisho jaribu. Mpe mzee mmoja ukurasa na simu yake mwenyewe, kaa pembeni, funga mdomo. Kidole kinaposimama, weka alama. Usieleze, kitabu hakitakuwa nawe nyumbani kwake. Watu watatu wenye simu tatu tofauti watakuonyesha karibu makosa yote.

Shikamooni. Nahitaji ISBN? Na kampuni za simu zinaweza kunishtaki kwa kupiga picha za skrini zao? — Mwanafunzi, UDOM

Marahaba. ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Duka na maktaba wataiuliza; darasa lako halitaiuliza. Kuchapa tena bila mabadiliko hutumia namba ileile, toleo lililorekebishwa sana hupata mpya, na PDF hupata yake.

Hakimiliki ya maandishi yako ipo tangu ulipoyaandika. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi. Kutaja jina la kampuni ili kueleza ni jambo la kawaida. Nembo yao kubwa juu ya jalada ndiyo huleta matatizo, kwa sababu msomaji atadhani kitabu ni chao. Weka ukurasani mwa hati miliki sentensi inayosema majina na nembo ni za wenyewe na kitabu hakijaidhinishwa nao. Picha za mandhari, nyimbo na sura za watu zinazoonekana ndani ya skrini ziwe zako. Kampuni kadhaa kubwa zimeweka masharti ya kutumia picha za skrini kwenye tovuti zao. Yasome kabla ya kuchapa.

Vitabu hivi huletwa kwetu kutolewa kopi. Rangi zote zinakuwa kijivu na mishale haionekani. Waambieni waandishi. — Steshenari, Majengo

Tunawaambia. Njano na samawati nyepesi hupotea kwenye mashine ya kopi, nyekundu hugeuka nyeusi. Basi mshale uwe mwekundu wenye mstari mnene wa pointi 2, wenye ukingo mweupe ili usizame kwenye picha. Namba za hatua ziwe nyeusi ndani ya duara la njano: kwenye rangi zinang'aa, kwenye kopi duara linatoweka na namba inabaki. Maelezo muhimu yasikae juu ya kivuli cha rangi nzito. Kabla ya kupeleka kiwandani, toa kopi ya ukurasa mmoja, ikisomeka, peleka.

Nakala ninazoweka mbele ya meza zimepauka, jalada limebaki bluu. Wateja wanadhani ni za zamani. — Muuza vitabu, Sabasaba

Jua la Dodoma linakula majenta na njano kwanza. Samawati na mweusi hudumu. Jalada lenye uso wa mtu au nyekundu nyingi ndilo huharibika upesi. Plastiki ya juu ya jalada huzuia vumbi na mikwaruzo, jua haizuii. Weka nje nakala moja tu ya maonyesho, uiandike "si ya kuuza", nyingine zikae ndani ya boksi zikiwa zimelala. Kama bado hujaagiza toleo linalofuata, mwombe mwandishi kichwa cha kitabu kiwe cheusi au bluu nzito juu ya nyeupe, na ule mgongo unaoelekea nje uwe hivyohivyo.